Barua zenu: Si tuliambiwa stelingi hafi?

Toleo lililopita niliandika mistari mitatu tu kuhusu The Caves of Androzani, kisa cha mwisho cha Peter Davison kwenye Doctor Who, nikasema kwangu mimi hakuna stelingi wa runinga aliyeagwa vizuri kama yule, nikadhani yameishia hapo. Kumbe nimechokoza nyuki. Barua zimekuja nyingi kuliko za mwezi wa Ramadhani, kwa hiyo safu yote ya leo naitoa kwa jambo hili moja, wa mapishi na wa mambo ya simu mnivumilie, zamu yenu inakuja.

Kwa wanaoingia sasa hivi: Doctor Who ni tamthilia ya BBC ya Uingereza, ilianza tarehe 23 Novemba 1963, inamhusu msafiri anayeitwa Daktari basi, anazunguka nyakati na sayari ndani ya kibanda cha buluu cha polisi ambacho ndani ni kikubwa kuliko nje, na akifikia kufa mwili wake unageuka anakuwa mtu mwingine, sura nyingine na tabia nyingine, ila ni yuleyule. Ndo maana kipindi kimedumu, mwigizaji akichoka anaondoka na hadithi inaendelea. Davison alikuwa wa tano. Kisa chake cha mwisho kilirushwa kwa epizodi nne, tarehe 8, 9, 15 na 16 Machi 1984.

Dada mhariri habari za kazi. Mi nimekulia kwenye vibanda umiza hapa Tanga na sheria tuliyoshika utotoni ilikuwa moja, stelingi hafi, akipigwa risasi ni ya bega. Sasa shemeji yangu ana diski ya hicho kisa ulichokisifia, tumekaa tukaangalia mpaka mwisho, jamaa anafia sakafuni na hakuna hata dunia aliyookoa, vita havikusimama kwa sababu yake, adui mkubwa kauawa na mtu mwingine kabisa. Sasa hapo wamemuaga au wamemshusha hadhi? Msomaji, Tanga

Nzuri kaka, na nashukuru umeleta hilo neno stelingi maana ndo mzizi wenyewe wa jambo. Umeona sawasawa kila kitu, hata kimoja hujakosea, ila mimi hayohayo uliyoyataja kama kasoro ndo yananifanya nikipende kisa hiki kuliko vyote.

Hebu turudi mwanzo. Daktari na Peri, binti anayesafiri naye, wanatua kwenye sayari ya Androzani Ndogo bila shida yoyote na mtu, hawajaitwa, hawajatumwa, wanaona alama za gari kwenye mchanga wanazifuata kwa udadisi tu mpaka kwenye mapango. Humo mapangoni kuna vita. Kuna kitu kinaitwa spectrox, kikishasafishwa kinarefusha maisha ya binadamu, kwa hiyo matajiri wa Androzani Kubwa, sayari ya jirani, wanakitaka kufa na kupona, na anayekishikilia ni Sharaz Jek, mtu aliyeungua uso kwa tope la moto akawa anavaa kinyago cha ngozi cheusi na cheupe, anaishi chini ya ardhi na maroboti aliyoyatengeneza mwenyewe. Jeshi la serikali linampiga. Na kule juu kuna mfanyabiashara Morgus, mwenye kampuni kubwa, anajifanya anaisaidia serikali kumbe hapohapo anampelekea Jek silaha kwa mlango wa nyuma kupitia magendo, maana vita vikiendelea bei inapanda na yeye anakula pande zote mbili. Watu wa kwetu hatuhitaji kufafanuliwa mtu wa aina hiyo.

Sasa Peri anaangukia kwenye utando unaonatanata, Daktari anamsaidia kujitoa na yeye unamshika, basi imeisha hiyo. Ule utando ni spectrox mbichi na ni sumu. Kwanza vipele, alafu misuli inakaza, alafu mwili unapooza taratibu, alafu kifo. Kuanzia hapo Daktari hana ajenda nyingine yoyote duniani, hataki kujua nani mwema nani mbaya kwenye vita vile, anataka dawa. Na dawa yenyewe ni maziwa ya popo malkia, na hao popo wamehamia chini kabisa kwenye mapango ambako hakuna oksijeni.

Umeona alichofanya mwandishi? Robert Holmes alikuwa mkongwe wa kipindi, yeye ndo aliyeandika ile hadithi ya 1976 iliyoweka sheria kwamba watu wa kabila la Daktari wanageuka mara 12 tu, kwa hiyo kuokoa dunia alikuwa anajua sana kukuandika. Alikuwa hajaandika kwenye kipindi tangu mwishoni mwa miaka ya 70, anarudishwa anapewa kazi ya kumuua stelingi, na anaamua kumnyang'anya kila kitu. Hakuna ulimwengu wa kuokoa, hakuna jeshi la kuongoza, wenyeji hawamsikilizi, wanamfunga, wanampiga, wanamsukumasukuma. Epizodi ya kwanza inaisha yeye na Peri wamesimamishwa mbele ya wanajeshi wenye bunduki na risasi zinatoka. (Waliopigwa ni maroboti yaliyofananishwa nao, lakini hilo unalijua kesho yake.) Kilichobaki mkononi mwake ni mtu mmoja mgonjwa. Tena mtu ambaye hata hawajazoeana, maana Peri ameingia kwenye kisa kilichotangulia tu, hiki ni cha pili kwake.

Alafu ukumbuke msimu ule ulivyomwendea. Wenzake wa safari wameisha: Tegan ameondoka kwa uchungu, kachoka kuona watu wanakufa. Turlough karudi kwao. Nyumba imebaki tupu, kabaki na huyu binti wa Kimarekani aliyekuwa kwenye likizo yake. Angeweza kabisa kujiokoa yeye kwanza. Kipindi chote hakuna mahali anatoa hotuba kwamba nitakufa kwa ajili yako, anakimbia tu, anakimbia na miguu inamkataa.

Kaka, ile dakika ya mwisho ya epizodi ya tatu niliyotaja toleo lililopita ndo hiyo. Wamemfunga minyororo kwenye chombo cha wale wauza silaha kinachoondoka kwenye sayari, anakata minyororo, anakigeuza kirudi Androzani Ndogo, wenyewe wanakata mlango kwa moto wanamtishia watampiga risasi, na yeye jasho linamtoka macho yamemtoka anawaambia wapige tu, kwani kipi kipya, nakufa tayari, ila hamtanizuia sasa. Ardhi inakuja kwenye kioo kubwa inazidi kuwa kubwa, na epizodi inakatika. Davison miaka mitatu alicheza Daktari mpole, kijana wa nguo za kriketi, anaomba radhi hata kwa mlango. Ile sauti hukuwahi kuisikia kwake. Mi nikiirudia leo bado mikono inanitetemeka.

Na mwisho wenyewe, anambeba Peri mikononi, matope yanapasuka huku na huku, anafika kwenye kibanda, kwenye kuhangaika na ufunguo dawa nyingine inamwagika mchangani. Iliyobaki inatosha mtu mmoja. Hatuoneshwi akifikiria. Anampa, anaanguka.

Kwa hiyo kama ni hadhi mi naona hawajamshusha. Stelingi wa kibanda umiza hafi kwa sababu ana kazi kubwa ya kumaliza. Huyu alikubali kufa kwa kazi ndogo kabisa, mtu mmoja apone.

Ni kweli Davison alifukuzwa? Mjomba wangu anasisitiza BBC walimtimua. Msomaji, Mombasa

Hapana, mwambie mjomba amechanganya na aliyemfuata. Davison aliondoka mwenyewe. Alipoanza, Patrick Troughton aliyekuwa Daktari wa pili alimshauri asizidishe miaka mitatu, kwa kuogopa watu wasimkariri kwenye nafasi hiyo moja milele, na yeye akashika hilo, akafanya misimu mitatu kuanzia 1982 mpaka 1984. Alikuwa na miaka 29 alipochaguliwa, mdogo kuliko wote waliomtangulia. Baadaye amesema mwenyewe kwenye mahojiano kwamba kama skripti zote zingekuwa kama hii ya mwisho huenda angebaki, na hilo linauma ukilifikiria, kwamba kazi nzuri kuliko zote imekuletwa wakati umeshaaga.

Aliyeondolewa ni Colin Baker, wa sita, mwaka 1986. Hakupewa kisa cha kuaga kabisa. Walimwomba arudi afanye tukio la kugeuka tu akakataa, na kwa haki yake kabisa kwa maoni yangu, kwa hiyo 1987 ikabidi Sylvester McCoy, yule wa saba, alazwe chini na wigi la nywele za Colin kichwani, uso ukafichwa, mwanga ukapigwa, akageuka. Ndo kuaga gani huko? Mtu kakipa kipindi nguvu zake kisha anaagwa kwa wigi. Kila nikiona lile tukio namhurumia, na ndo linanifanya nithamini zaidi alichopata Davison.

Dada, huyo Morgus mbona anageuka kila mara anatuangalia sisi kwenye kamera anaongea na nafsi yake? Mimi nilidhani TV yangu ina matatizo. Msomaji, Dodoma

TV yako nzima. Hilo lilitokana na kutoelewana, dairekta alimpa John Normington maelekezo ya wapi aelekeze macho, Normington akaelewa kwamba ageukie kamera kabisa aseme na mtazamaji, kama wanavyofanya kwenye jukwaa la michezo ya kuigiza ya zamani. Dairekta alipoona akalipenda, akamwacha aendelee hivyohivyo. Na limefaa sana, maana Morgus hana rafiki hata mmoja wa kumwambia ukweli, kwa hiyo anatuambia sisi. Unajikuta umekuwa mshirika wake bila kupenda.

Dairekta mwenyewe ni Graeme Harper na hii ilikuwa mara yake ya kwanza kuongoza Doctor Who. Wakati ule madairekta wa studio BBC walikaa chumba cha juu wanatoa amri kwa spika, yeye akashuka chini akawa katikati ya waigizaji, kamera anaitaka ibebwe begani ikimbie nao. Ukiangalia kisa cha wiki iliyotangulia na hiki utadhani kimepita miaka kumi kati yao. Harper ndo dairekta wa kipindi cha zamani aliyekuja kuitwa tena kwenye kipindi kipya, mwaka 2006. Zile sehemu za nje zenye mchanga walipiga Dorset kusini mwa Uingereza, kwenye machimbo, Novemba 1983, kwa hiyo pale unapoona Peri anatetemeka kama mtu wa jangwani mwenye homa kumbuka ile ni baridi kweli.

Habari. Mimi ni mwanafunzi Nairobi na sikubaliani na sifa zote hizi. Kwanza lile jinamizi la pangoni ni aibu, linaonekana wazi ni mtu kavaa nguo. Pili Peri kisa kizima ni wa kubebwa, kufungwa na kutamaniwa na yule wa kinyago. Hilo nalo tulisifie?

Hapana mdogo wangu, hilo usilisifie, na umefanya vizuri kulisema.

La jinamizi halina wa kulitetea. Harper alijaribu kulificha gizani na bado likaonekana, pesa haikuwepo, basi. Mi huwa nalipita haraka.

La pili ni zito zaidi. Ni kweli Peri amepewa kazi ya kuumwa na kuogopa, na Jek anamzungumzia uzuri wake kama mtu anayezungumzia mali. Nilipokuwa msichana niliona ni mapenzi ya huzuni, leo nikiangalia nina binti zangu naona mtu kafungiwa na mwanaume asiyemjua na anaambiwa ashukuru. Ila nakuomba uangalie tena anavyocheza Nicola Bryant, mgeni kabisa kwenye runinga, Mwingereza anayeongea kama Mmarekani. Hampi Jek hata chembe. Anamwogopa na haufichi uoga wake ili kumfurahisha. Na Jek mwenyewe, Christopher Gable, alikuwa mcheza baleti kabla ya uigizaji, nusu ya uso iko chini ya ngozi lakini mabega na vidole vinasema kila kitu, na mimi naona yeye hakuomba tumpende, alionesha mtu aliyeharibiwa na Morgus naye akaharibu wengine. Wanaume wote wa kisa hiki wanakufa kwa tamaa zao, Chellak jenerali wa lile jeshi, Salateen ofisa wake, Stotz mkubwa wa wale wauza silaha, Morgus, Jek. Wanaobaki hai ni wanawake wawili, Peri, na Timmin yule karani wa Morgus aliyekaa kimya epizodi tatu akiandika kila kitu kisha akamfilisi bosi wake na kukalia kiti chake. Sisemi hiyo inafuta ulichosema. Nasema ipo.

Mimi niko Muscat, naangalia Doctor Who ya sasa na wanangu. Kwetu nyumbani David Tennant ndo kila kitu, alivyoaga tulilia familia nzima. Hivi kweli huyo wa zamani anamfikia?

Pole kwa machozi, na mi nililia. Tennant aliaga tarehe 1 Januari 2010, na watu wengi hawajui kwamba moyo wa kisa chake unafanana sana na huu wa Davison. Mambo makubwa ya ulimwengu yanaisha, anadhani kapona, kisha anasikia mzee Wilfred anagonga kioo, amefungiwa kwenye kile chumba na anayeingia kumtoa atachomwa na mionzi. Mzee mmoja. Analalamika, anapiga kelele kwamba si haki, na anaingia. Pale ndo penyewe kabisa.

Tofauti yangu na nyinyi inaanza baada ya hapo. Tennant anapewa muda mrefu, anazunguka kuwaona wote aliowahi kusafiri nao mmoja mmoja, kama mtu anayepita nyumba kwa nyumba kuaga kabla ya safari ya Hija, na mwisho anasema hataki kwenda. Inagusa, lakini ni kuaga kwa mwigizaji na mashabiki wake. Davison hakupata muda huo. Anaanguka sakafuni, anasema hajui kama atageuka, safari hii anahisi ni tofauti, na sura za aliosafiri nao zinamzunguka kichwani zikimwomba asife, na neno la mwisho linalomtoka ni jina, Adric.

Kwa wasiomjua, Adric alikuwa kijana aliyesafiri naye, hodari wa hesabu, msumbufu kidogo, akafia ndani ya chombo kilichokuwa kinaanguka na Daktari hakuweza kumfikia. Kisa kile kinaitwa Earthshock, na epizodi ile iliisha bila muziki kabisa, majina yanapita kimya na beji yake iliyovunjika iko chini. Tarehe ilikuwa 16 Machi 1982. Davison akalitamka lile jina tarehe 16 Machi 1984, miaka miwili kamili. Alimkosa kijana mmoja ndani ya chombo kinachoanguka, na kabla ya kufa yeye mwenyewe ndo aliyeangusha chombo ili amfikie mwingine. Mimi sijui kama kuna mtu aliyapanga hayo mezani, lakini yapo.

Na wa nne je, Tom Baker? Alikaa miaka saba, 1974 mpaka 1981, akaanguka kutoka kwenye mnara wa antena akiokoa ulimwengu mzima. Kizuri, kina huzuni ya taratibu tangu mwanzo. Ila ulimwengu mzima hauna uso, Peri anao.

Kama unataka ushahidi zaidi ya maneno yangu, mwaka 2009 jarida la Doctor Who Magazine liliwapigisha kura wasomaji wake juu ya visa vyote 200 vya tangu 1963, na The Caves of Androzani kikawa cha kwanza. Cha 200 kabisa kikawa The Twin Dilemma, ambacho ndo kile kilichofuata, kilianza tarehe 22 Machi 1984, siku sita tu baadaye. Hiyo nayo ilikuwa mzigo kwa Colin Baker tangu siku ya kwanza, kuingia nyumba ambayo msiba wake umefanywa vizuri namna ile.

Shikamoo shangazi. Nina miaka 13. Mama ameniruhusu niangalie hicho kisa likizo hii lakini anauliza kama kinatisha sana, na mimi nauliza kama nikianza na hicho nitaelewa. Msomaji mdogo, Morogoro

Marahaba mwanangu. Mwambie mama hakuna damu nyingi ila kuna risasi, wanakufa watu wengi, na kuna uso wa Jek unaoonekana bila kinyago ambao hata mimi ukubwani niligeuka pembeni. Akae na wewe epizodi ya mwisho.

Kuelewa utaelewa, lakini mi nakuomba usianze na hiki. Nilikiona kwanza kwenye kaseti aliyokuja nayo binamu yangu kutoka Uingereza, nikaiazimisha duka moja la video mtaani wakairudisha dakika kumi za mwisho zimerekodiwa mpira juu yake, kwa hiyo dada zangu wawili walikaa miaka mitano wanadhani Daktari na Peri wote walipona, na mimi ndo niliyekuja kuwasimulia. Walinuna kwelikweli. Tangu hapo najua kisa hiki ukikipata nusu umekikosa chote. Kwa hiyo anza na Earthshock, umjue Adric, umchoke kidogo kama tulivyomchoka sisi. Yale majina yakipita kimya usizime. Kisha angalia Planet of Fire umwone Peri anavyoingia. Halafu ndo uende Androzani, epizodi mbili leo na mbili kesho, kama ilivyorushwa Alhamisi na Ijumaa, na ikifika sakafuni pale sikiliza vizuri anataja jina gani. Ukimaliza niandikie.